Mwalimu Aliyekataa Kufuta Neno "Bado"

Ndugu, majirani, walimu na nyote mliofika kumsindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, yule aliyemfuata kwa kuzaliwa, fundi wa kuchomelea mageti, wengine mnanijua kwa kazi yangu na wengine kwa mdomo wangu, na familia imenipa mimi kusoma habari za maisha yake baada ya ubishi ambao sitaueleza, ila niseme tu kwamba binti yake ameniambia asubuhi ya leo, "Mjomba, nakuomba, hasira zako uziache getini," nami nimemwahidi kujitahidi, sikumwahidi zaidi ya hapo. Karatasi nilizonazo ni mbili, moja nimeiandika mwenyewe kwa mkono wangu, nyingine imechapwa vizuri kabisa na imeletwa jana mchana kutoka ofisi ya shule ikiwa na mhuri, na ninayoisoma ni hii ya kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na mama alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa siku kumi na moja, akatoka amekunja uso kama mtu aliyekatizwa maneno. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mzuri sana katika kushona na mdomo mbaya sana katika kuahidi, kila mteja alimwambia "njoo kesho," na kesho yake "njoo kesho," mpaka siku moja dada, akiwa na umri wa miaka minane, amekaa chini ya meza ya kukatia vitambaa akiokota pini, akatoa kichwa nje na kuuliza mbele ya mteja, "Kesho saa ngapi, baba?" Baba alimfukuza kwa rula ya mbao mpaka barabarani, huku anacheka, lakini suruali ya yule mteja ilikwisha kesho yake saa tisa, na tangu siku hiyo nyumbani tukamwita Lini, kwa kuwa hakuna neno lililopita mbele yake bila kuulizwa litatimia lini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya ofisi ya posta, akamaliza Novemba 1980 akiwa wa tatu kati ya wanafunzi themanini na sita, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1981 hadi 1984, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Februari 1985 na kutunukiwa cheti tarehe 5 Desemba 1986, cheti ambacho mama alikitundika juu ya kabati la vyombo na kukipangusa vumbi kila Jumamosi kwa bidii kuliko alivyovipangusa vyombo vyenyewe. Mimi katika miaka hiyo shule tulikwisha kuachana, niliishia darasa la tano, siku nilipomnyang'anya mwalimu fimbo nikaivunja kwenye goti, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini, nachomelea kwa kukisia, dada alikuja karakana, akanikuta nimeshika kitabu cha mafundi kichwa chini miguu juu, hakucheka, akaniuliza, "Unataka kukisoma mpaka ukurasa wa ngapi, na lini?" Nilimjibu ovyo, nikamwambia chote, mwezi ujao. Akasema hapana, ukurasa mmoja kwa wiki, Jumapili nitakuja kukusikiliza, na akaja, Jumapili baada ya Jumapili, miaka miwili na nusu, na hizi sentensi mnazozisikia leo ni kazi ya Jumapili zile.

Aliajiriwa tarehe 2 Februari 1987 katika shule ya karibu na machimbo ya mawe, akafundisha huko miaka minane, na Januari 1995 akahamishiwa shule hii ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, akapewa darasa la nne, chumba cha mwisho upande wa vyoo, chumba ambacho hakuna mwalimu aliyekitaka, naye akakaa humo miaka ishirini na moja na miezi kumi. Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi wa nguzo za simu, mtu mpole kiasi cha kunikera, ambaye alimposa mara mbili na mara ya kwanza aliulizwa, "Unataka kunioa lini?" akaona aibu akaondoka, akarudi baada ya wiki tatu na tarehe imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1992, ambaye ni mtaalamu wa maabara, na kijana aliyezaliwa tarehe 11 Agosti 1996, ambaye ni seremala, na wote wawili wamekaa hapa mbele pamoja na baba yao.

Sasa nieleze alichokuwa akifundisha, maana karatasi ya ofisi inasema alikuwa "mwanzilishi wa mpango wa malengo," na neno mpango lingemchekesha, kwa sababu yeye hakuwa na mpango, alikuwa na maboksi. Kila Jumatatu ya kwanza ya muhula aliwakatia watoto kadi kutoka kwenye maboksi matupu ya sabuni, kila mtoto kadi moja, akawaambia waandike jambo moja wanalotaka kuliweza kabla shule haijafungwa, jambo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona kwa macho au kulisikia kwa masikio. Mtoto akiandika anataka kuwa rubani, alimwambia, "Vizuri sana, rubani husoma saa, wewe saa unaijua? Huijui? Basi tuanze na saa, utaijua lini?" Wakaandika kufunga kamba za viatu, wakaandika kujua jedwali la saba, wakaandika kusema kwa sauti mpaka dawati la nyuma lisikie, kuna mmoja aliandika kutompiga mdogo wake hadi Ijumaa, na dada akamwambia aanze na hadi Jumanne. Nyuma ya kadi waligawa jambo lile kwa wiki, wiki hii hatua hii, wiki ijayo hatua ile, na kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho mtoto alikwenda mezani kwa mwalimu akasema neno moja kati ya mawili, "nimeweza" au "bado," na aliyesema bado alieleza atabadilisha nini wiki inayofuata, hakupigwa, hakununiwa, na mwenzake akimcheka basi aliyecheka ndiye aliyefuata kusimama na kueleza bado yake. Bado lilikuwa neno la heshima katika chumba kile, uongo ndio uliokuwa hauna kiti.

Na yeye mwenyewe alikuwa na kadi, watoto ndio waliomhukumu, mwaka 2006, akiwa na miaka arobaini, aliandika kwamba atajua kuendesha baiskeli, wakamshika kiti na mabega uwanjani kila Alhamisi, akaangukia kwenye maua ya shule, akaangukia kwenye mlango wa jiko, akaangukia kwa mlinzi, na Ijumaa zikifika darasa zima likamwambia kwa sauti moja, "Mwalimu, bado!" mihula miwili mfululizo, naye akaandika bado mihula miwili mfululizo, na muhula wa tatu alifika shuleni juu ya baiskeli, bila breki, akipiga kelele watoto wapishe. Wapo watu wazima hapa leo waliomshika kiti cha baiskeli ile, nimewaona, mmoja ana kipara.

Mwalimu mkuu wa sasa aliletwa shuleni Januari 2014, na walimu wenyewe, si mimi, ndio waliompa jina la Asilimia, kwa kuwa hakuna alichokisema kisichokuwa na asilimia ndani yake. Hajanikosea mimi mahali popote, geti la nyumba yake nimelitengeneza na tulielewana vizuri, kwa hiyo ninachokisema si kisasi, ni habari za maisha ya marehemu, na yeye yuko hapa, akisikia nimekosea tarehe anisahihishe. Mwaka 2016 ofisi ya elimu ilitangaza kwamba shule zitalinganishwa kwa malengo ya wanafunzi yaliyofikiwa, Asilimia akazipenda kadi za maboksi ya sabuni ambazo kwa miaka miwili alikuwa akiziita takataka, akaagiza kila darasa lifanye na kila darasa lilete matokeo, na madarasa mengine yote yakaleta mia kwa mia, lakini darasa la nne, lenye watoto hamsini na wawili, likaleta thelathini na wanane wameweza, kumi na wanne bado. Alimwita ofisini, akamwambia, "Mwalimu, hao kumi na wanne wanakuuma nini? Wageuze tu." Akamjibu kwamba si yeye aliyewaandika, wamejisema wenyewe. Akamwambia, "Watoto wa miaka kumi ndio watuharibie shule?" Akamjibu, "Basi njoo Ijumaa ukae kwenye kiti changu, uwaambie wewe kwamba wameweza, waone kama watakuamini." Hakwenda, alisubiri siku ya michezo, darasa likiwa uwanjani, kabati likafunguliwa, zile kadi kumi na nne zikaandikwa juu yake kwa kalamu nene nyeusi, NIMEWEZA, kwa herufi kubwa, na zote hamsini na mbili zikatundikwa ukumbini.

Tarehe 21 Oktoba 2016, siku ya Ijumaa, saa tano asubuhi, wageni walikuja, ukumbi ukajaa, walimu thelathini na mmoja wamekaa upande wa kulia, na mgeni mmoja, mama wa miwani, mtu mwema tu asiyejua lolote, akanyoosha mkono ukutani akachukua kadi moja iliyosema, "Nitasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama," akasoma na neno NIMEWEZA lililokuwa juu yake, akaomba mwenye kadi aje awasomee. Alikuwa msichana wa muuza mkaa, mwenye miaka kumi, akasimama, akasema bado, akasema kwa sauti ndogo, mgeni hakusikia akampa kitabu. Alisoma maneno matatu, la nne likamkwama, akasimama na lile neno la nne mdomoni, ukumbi mzima unamtazama, mpaka gauni lake likalowa na maji yakafika kwenye viatu, na Asilimia akacheka kidogo akawaambia wageni, "Huyu ana aibu tu, darasani ni moto." Hapo dada akasimama kutoka safu ya nne, akasema, na haya nimeyapata kwa watu watatu tofauti na wote wameyasema sawasawa, "Hana aibu, hajaweza bado, na Ijumaa iliyopita aliniambia kweli kwamba hajaweza, aliyesema uongo hapa ni mtu mzima." Akavua sweta lake akamfunga mtoto kiunoni, akamshika mkono, wakatoka kwa mlango wa pembeni, na katika walimu thelathini waliobaki hakuna aliyesogeza hata kiti.

Barua ilikuja tarehe 31 Oktoba, utovu wa nidhamu na kuidhalilisha shule mbele ya wageni, akaondolewa darasa la nne, akapelekwa stoo, chumba cha chini ya ngazi chenye nondo badala ya dirisha, akakabidhiwa chaki, mipira isiyo na upepo na vitabu vilivyotafunwa na panya, mwalimu wa miaka thelathini kasoro miezi mitatu, akawa anahesabu chaki. Nilitaka kwenda kuzungumza nao kwa mikono, sitaficha, shemeji ndiye aliyenizuia, na dada akaniambia, "Wewe ukimpiga mtu, kesho wataandika nidhamu ya familia nzima." Asubuhi moja ya Juni 2017, kengele ya mapumziko imelia, yule msichana wa muuza mkaa alikwenda kwenye nondo za stoo na kitabu chake, akasimama nje, akasoma ukurasa mzima, kisha akageuza akasoma na wa pili ambao hakuna aliyemuomba, na dada akamwambia asubiri aitafute kadi yake aiandike upya, halafu akakumbuka kwamba kadi zilikwisha kupelekwa ofisi ya elimu, na huko zilisema tangu zamani kwamba mtoto huyu ameweza. Kwa hiyo siku aliyoweza kweli haikuandikwa popote, na dada aliponisimulia jambo hili ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona analia tangu tulipomzika mama.

Akajiwekea jambo moja, kurudi darasa la nne, akagawa kwa wiki kama alivyowafundisha watoto, akaandika barua sita kwa ofisi ya elimu, kila moja na tarehe na nakala, na barua ya sita ikajibiwa, akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu tarehe 12 Machi 2018 saa tatu asubuhi. Mwezi uliotangulia alikuwa amegundua uvimbe kwenye titi la kushoto, na hospitali ilikwisha kumpa siku ya kukatwa kipande cha kupimwa, siku hiyohiyo, tarehe 12 Machi, saa hiyohiyo. Alichagua kamati, hakutuambia, tungemfunga kamba, akakaa kwenye benchi la koridoni tangu saa tatu mpaka saa kumi jioni, ndipo karani akamwambia kwamba mwenyekiti amesafiri, na hospitali nayo ikampa siku nyingine baada ya miezi mitatu. Daktari hakusema kwamba miezi ile ndiyo iliyomuua, nami sitasema lisilosemwa na daktari, nasema tu kwamba ilipotea, na nani aliyeipoteza mmesikia. Alifanyiwa upasuaji tarehe 19 Julai 2018, akapata matibabu ya mionzi hadi Desemba, akapata nafuu, akarudi stoo Januari 2019, na Aprili ugonjwa ukarudi ukiwa kwenye mifupa.

Tarehe 6 Mei 2019 tarishi alileta bahasha nyumbani, kamati imemsamehe, anaweza kurudi darasa la nne muhula unaofuata, asaini tu karatasi iliyoambatanishwa, inayosema kwamba wale watoto kumi na wanne waliandikwa bado kimakosa. Na hapa, kwa kuwa nimesema habari za wengine, nitasema na zangu, mimi ninayejidai kwamba sipindishi maneno, mimi ndiye niliyempelekea kalamu. Nilimwekea mito mgongoni, nikamwekea sinia magotini, nikamwambia, "Dada, tia sahihi, ni wino tu huo, watoto wanakungoja, na wewe siku zako unazijua." Akasema, "Na yule aliyelowa mbele za watu, nimwambie alikosea kulowa?" Nikamwambia mtoto amekwisha kusahau. Akasema, "Toka na kalamu yako," nami nikatoka, nikaubamiza mlango wa chumba cha mgonjwa, nikakaa wiki tatu bila kukanyaga kwake, namkasirikia mtu anayekufa kwa sababu hakukubali kusema uongo nilioutaka. Niliporudi tulizungumza habari za bawaba za dirisha lake zilizokuwa zikilia, nikazitia mafuta, jambo lile hatukuligusa, na miezi mitatu ilikuwepo ya kuligusa.

Alilazwa tarehe 24 Agosti 2019, wodi ya wanawake, kitanda cha pili kutoka mlangoni, na akafariki siku ya Jumanne tarehe 3 Septemba, saa tano na robo asubuhi, mume wake na binti yake wakiwa wamemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini na tano. Karatasi ya ofisi, katika mstari wake wa mwisho, inasema kwamba marehemu alifikia malengo yake yote. Hakufikia. Alitaka kurudi darasa la nne na hakurudi, alitaka jina lake lifutwe kwenye faili la utovu wa nidhamu na mpaka ninaposimama hapa halijafutwa, na mtu yeyote anayetaka kumwandikia leo kwamba aliweza, anamfanyia yeye walichowafanyia wale watoto, kwa hiyo karatasi hiyo, mwalimu mkuu, nimeiweka kwenye kiti chako, haijakunjwa, ondoka nayo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimwambia ukweli kila alipoulizwa, tunawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliolala sakafuni kwetu siku hizi nne, tunamshukuru muuza mkaa na binti yake, ambao wamekaa pale nyuma na nawaomba wasogee mbele. Kwa walimu wenzake, tunawashukuru wawili waliokuwa wakimpelekea chai kule stoo na kukaa naye, wanajijua, na ninyi wengine ishirini na wanane tunawashukuru kwa kufika leo.

Dada, siku ile ya kalamu nilikosea, nilikuwa na miezi mitatu ya kukuambia nikawa nazungumza habari za bawaba, sasa nakuambia mbele za watu kwa kuwa mbele yako nilishindwa, na najua hunisikii, na sitajifanya kwamba unanisikia. Pumzika, mama wa wawili, pumzika kwa amani.